Kadi ya Watu Watatu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeajiriwa kuwa karani wa mpaka. Sikufanyiwa usaili. Nilijikuta tu nimekaa nyuma ya meza ya mbao kwenye majani mabichi, jua la saa nne asubuhi likinichoma mgongoni. Mezani kulikuwa na koleo la kutobolea kadi, kama lile la wakagua tiketi wa treni ya Kigoma, daftari na kopo la kupimia maharage.

Kando ya meza lilisimama jiwe la mpaka. Lilikuwa limepakwa chokaa, na kifuani limeandikwa namba 19.

"Shikamoo," nililiambia, maana lilikuwa limenizidi umri.

"Marahaba," lilijibu Jiwe. "Usiniegemee upande huo. Huo si wa nchi yako."

Niliomba radhi, nikauliza kazi yenyewe ikoje.

"Nyepesi. Mtu akija kuomba hifadhi, muulize anaogopa nini. Akishajibu, pima."

"Nipime nini?"

"Hofu yake, mama. Unadhani hilo kopo ni la nini?"

Kabla sijaendelea inabidi nieleze habari ya kadi, kwa sababu bila hiyo ndoto haieleweki.

Mama yangu, Generoza, alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1993, mimi nikiwa mgongoni mwake, nina miezi minane. Mkononi alibeba kuku. Hakubeba sufuria wala blanketi. Alibeba kuku kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Kwenye kituo cha mapokezi karani alimuuliza, "Mko wangapi?" Mama alikuwa ametembea siku tatu na viumbe hao wawili, akizungumza nao njia nzima, na jibu lilimtoka lenyewe: "Tuko watatu." Karani akaandika watatu bila kuinua kichwa. Akauliza majina. Mama akataja lake, akataja langu, Esperansia, kisha akanyamaza. "Na wa tatu?" Mama aliogopa kwamba akisema ni kuku ataonekana mwongo na kurudishwa alikotoka. Akasema, "Serafina."

Tarehe za kuzaliwa hakuzijua kwa kalenda. Karani akatuandikia wote tarehe moja Januari, kama alivyowaandikia watu wote waliokuwa kwenye ile foleni. Serafina akapewa miaka mitano, na sote tukaandikwa kwenye kadi moja ya wakimbizi. Ndivyo nilivyopata dada.

Dada yangu alitaga vizuri kwa miaka kadhaa, kisha akaacha. Tulimla Krismasi moja, mimi nikiwa na miaka mitano. Jina lake halikufutwa, kwa kuwa kulifuta kungehitaji kueleza. Mama aliliungama jambo hilo kwa padri mara tatu, na mara zote tatu padri alicheka, jambo lililomuudhi sana, kwa sababu alitaka kupewa kitubio.

Mama alifariki miezi mitatu iliyopita. Mimi bado niko katika nyumba yetu pale Kasulu, nashona sare za shule. Sikuwahi kuishi mbali naye hata mwezi mmoja. Kadi yenyewe ipo kabatini, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imechakaa, ya manjano, ina jina lake, langu na la Serafina. Na kila asubuhi napika uji wa watu wawili. Mkono umezoea. Bakuli la pili humwagiwa mbwa wa jirani yangu, Mzee Ntibagirwa, ambaye amenenepa mpaka ameacha kubweka.

Nayaandika haya asubuhi hii hii, kabla hayajanitoka.

Basi. Niko mezani, foleni inaanza. Wa kwanza ni mwanamume mwenye redio begani. Amebakiza hatua chache kufika, kofia yake inaanguka nyuma. Anataka kurudi kuiokota. Mguu hauendi.

"Haiwezekani," Jiwe linamwambia. "Mwenye kuomba hifadhi harudishwi nyuma. Imeandikwa."

"Hata hatua mbili?"

"Haikuandikwa hatua ngapi."

Mwanamume anafikiri. Kisha anakwenda mbele, ananipita, anapotelea kilimani, na baada ya muda mfupi anatokea mwisho wa foleni. Anaokota kofia yake, anaipangusa, anasubiri zamu upya.

"Dunia si kubwa kama wanavyosema," ananiambia anapofika tena. Napima hofu yake. Makopo mawili na nusu. Namtobolea kadi, anapita, redio inaanza kuimba.

Wakati huo akaja Mkataba. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, wa karatasi, ambaye alikuwa amekunjwa mara nne na kukunjuliwa, kwa hiyo alikuwa na mikunjo magotini, kiunoni, kifuani na usoni. Miguuni alikuwa na sahihi mbili, moja kila unyayo. Kila alichokisema alikisema mara mbili, mara moja akielekea huku na mara moja akielekea ng'ambo, ili nchi zote mbili zisikie sawasawa.

"Habari za kazi," aliniambia. Akageuka. "Habari za kazi."

"Nzuri," nilisema. Sikujua kama na mimi nijibu mara mbili. "Nzuri."

"Mpaka unafuata katikati ya kijito," alisema, akageuka, akasema tena.

Kijito kiliposikia hivyo kiliinuka, kikajikung'uta, kikatembea taratibu, kikalala nyuma ya kiti changu. Vyura walikifuata wakiruka, wamechelewa.

"Sasa mimi niko wapi?" niliuliza.

"Ng'ambo," lilisema Jiwe. "Usijali, kitarudi. Kila masika hufanya hivi. Mimi nimekuwa raia wa nchi mbili mara arobaini na moja bila kusogea, na sijapata kitambulisho hata kimoja."

Na kweli, kijito kilijigeuza usingizini, kikarudi mahali pake. Nikawa nyumbani tena.

Kisha droo ya meza ikafunguka na mama yangu akatoka ndani yake.

Alianza kutoka kichwa, kilemba cha bluu kwanza, halafu mabega, halafu akaomba nimshike mkono atoe mguu. Nilitaka kupiga kelele, lakini Mkataba aliinua kidole cha karatasi.

"Mwombaji halaumiwi kwa namna alivyoingia. Kwa hiyo kushangaa ni marufuku." Akageuka kulieleza jambo hilo ng'ambo.

Sikushangaa. Nilimkumbatia. Alinukia moshi na sabuni ya mche, vilevile. Nikafungua mdomo kusema naye.

"Ngoja!" ilisema sauti kutoka ndani ya droo. "Kila mtu ana haki ya mkalimani."

Akatoka kuku wa kahawia, kifua kipana, amevaa kitambulisho shingoni chenye kamba ya plastiki. Akaruka juu ya meza, akakaa juu ya daftari langu.

"Naitwa Serafina Generoza. Nimezaliwa tarehe moja Januari. Ni mkalimani wa kiapo." Akaniangalia kwa jicho moja, kisha kwa la pili. "Mdogo wangu, hujambo."

"Sijambo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Ulikula paja."

"Nilikuwa na miaka mitano."

"Mimi kwa makaratasi nilikuwa na kumi. Hata darasa la nne sikufika."

Mama alisema kitu, kwa Kiswahili kile kile cha Kasulu alichozungumza nami maisha yangu yote, lakini kwa kuwa mkalimani alikuwepo, sikumwelewa hata neno moja.

"Anasema umekonda," alisema Serafina.

"Mwambie nakula vizuri."

Serafina akamgeukia mama. "Anadanganya."

Mama akatikisa kichwa, akasema maneno mengi, akionyesha ng'ambo kwa mkono mzima. Nilitazama alikoonyesha. Nilikiona kilima alichonieleza tangu utotoni, ambacho sikuwahi kufika: migomba, nyumba ya vigae, kisima chenye kifuniko cha bati. Watu wengi walisimama mlangoni wakipunga mikono. Bibi yangu nilimtambua kwa kusimuliwa, mfupi, kiko mdomoni. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Walikuwa wamepika.

"Anasema anataka kurudi kwao kwa hiari yake," alisema Serafina. "Amekaa miezi mitatu kwenye foleni, juu ya gunia. Kila akifika langoni anarudishwa dirishani, na kila akifika dirishani anaambiwa kadi ni ya watu watatu, na yeye yuko peke yake. Watatu walioingia, watatu watoke. Familia haitenganishwi."

"Haitenganishwi," alithibitisha Mkataba. Akageuka. "Haitenganishwi."

"Kwa ajili ya kuku?" niliuliza.

"Kwa ajili ya Serafina," alisema Serafina, "ambaye amejitolea kwa moyo safi. Mimi nipo. Sasa tuko wawili. Anayekosekana ni wewe."

Jiwe likakohoa. "Tena mfanye haraka. Kivuli changu kikigusa kijito, lango linafungwa mpaka msimu mwingine."

Niliangalia. Kivuli kilikuwa kimebakiza urefu wa mkono mmoja.

Hapo ndipo wazo liliponijia, na mpaka sasa nakiri lilikuwa wazo zuri. Sheria yenyewe nilishaiona ikifanya kazi kwa yule mtu wa kofia. Niliinuka.

"Mwambie aombe hifadhi," nilimwambia Serafina. "Aombe hapa, kwangu, sasa hivi. Mimi ndiye karani. Akishaomba, hakuna wa kumrudisha. Hata kifo hakiwezi. Imeandikwa!"

Mkataba alijikunjua uso ili anione vizuri.

"Ni haki yake," alisema. Akageuka, akasema tena, na safari hii ng'ambo waliacha kupunga mikono.

Nilifungua daftari kwa kumsogeza Serafina. Mama alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kigoda chetu cha jikoni, na nilipoinua macho, jiko lote lilikuwa limefika: mafiga, sufuria ya uji, mabakuli mawili. Mbwa wa Mzee Ntibagirwa alikuwa amelala mlangoni, mkubwa kama godoro.

"Unaogopa nini?" nilimuuliza mama.

Serafina alitafsiri. Mama akafungua pindo la kitenge chake na kuanza kumimina hofu ndani ya kopo. Ilikuwa nzito, yenye mabonge. Kopo likajaa. Nikamwaga mezani, likajaa tena. La tatu likajaa hadi juu, nikalisawazisha kwa kiganja kama wauza maharage wanavyofanya. Nilifurahi. Sijawahi kuona mtu na hofu nyingi kiasi kile. Hakuna ofisi duniani ambayo ingemkatalia.

"Makopo matatu," nilisema. "Mpe hifadhi."

Mkataba aliinama juu ya meza, akachukua bonge moja, akalipasua kwa kidole. Ndani mlikuwa na uji. Uji wa baridi, umeganda, una ngozi juu.

"Ina msingi," alisema. "Hofu hii ni ya kweli. Lakini si ya kule anakokwenda. Ni ya hapa."

"Ya hapa vipi?"

Mama alisema. Serafina alisikiliza mpaka mwisho, akakunja bawa, akatafsiri polepole.

"Anasema kule haogopi kitu, mama yake amepika. Anachoogopa ni nyumba ya Kasulu. Kuna mtu mle anapika mabakuli mawili, anakula nusu ya moja, anamshibisha mbwa. Anasema amemwona mbwa."

Mbwa aliangalia pembeni.

"Na mtu," alisema Mkataba, kwa sauti ya chini kuliko zote, "hapewi hifadhi mahali anapopaogopa." Hakugeuka kurudia. Ilikuwa mara pekee.

"Basi tunakwenda naye," nilisema. "Wote watatu. Jina langu lipo kwenye kadi. Kilima si kile pale?"

Mama akasimama. Alisema neno moja, fupi.

"Hilo silitafsiri," alisema Serafina. "Nina kiapo, lakini pia nina malezi."

Kivuli kilikuwa kimebakiza kiganja. Nilianza kulia, nikachukua kitambaa cha sare ya mtoto wa shule kilichokuwa begani mwangu, nikapangusia uso. Nilipokishusha, tulikuwa ndani ya darasa langu la kidato cha pili. Madirisha hayakuwa na vioo, kama zamani. Mama amekaa dawati la mbele, magoti hayaingii. Jiwe limekaa dawati la nyuma kwa sababu ya uzito. Ubaoni kulikuwa na fomu imechorwa kwa chaki, na mstari mmoja haujajazwa: *Idadi ya watu katika kaya.*

"Kuna njia nyingine," alisema Serafina kutoka juu ya meza ya mwalimu. "Pale kwenye kambi ya wakimbizi, mtoto akikua alikuwa anafanya nini?"

Nilikumbuka. Mtoto akikua, akioa au kuolewa au akitaka tu kujitegemea, alikwenda ofisini akatenganisha kadi. Akaondolewa kwenye ya wazazi, akapewa yake. Rafiki zangu wote walitenganisha. Wengine walifanya na karamu. Mimi sikwenda. Nilisema foleni ni ndefu.

"Familia haitenganishwi," nilisema, nikimwangalia Mkataba kwa matumaini.

"Haitenganishwi na mtu mwingine," alisema yeye. "Lakini mtoto mzima akitaka kadi yake, huko si kutenganishwa. Huko ni kukua." Akaonyesha goti lake, ambako kweli iliandikwa hivyo, kwa maandishi madogo, katika mkunjo ambao hakuna aliyewahi kuunyoosha.

Nikachukua chaki.

"Una hakika?" iliuliza chaki.

"Sina," nilisema. "Andika hivyo hivyo."

Tukaandika moja. Ilikuwa moja ya kawaida, imeinama kidogo. Darasa zima, yaani Jiwe, lilipiga makofi, na kishindo kikaturudisha mpakani.

Kadi ya manjano ilikuwa mezani. Jina langu lilikuwa limepigwa mstari safi. Yalibaki mawili, na chini kabisa kilibaki kisanduku kimoja ambacho hakikuwahi kutobolewa miaka yote, kimeandikwa KUONDOKA.

"Karani," lilisema Jiwe. "Vidole vitatu vimebaki."

Nikachukua koleo. Lilikuwa baridi. Mama aliushika mkono wangu kwa juu, kama alivyonishika nilipojifunza kukata kitambaa, asiongoze, ashike tu. Nilibana. Lilisikika *tak*, na kiduara kidogo cha karatasi kikadondoka mahali fulani kwenye majani.

Ng'ambo walianza kupiga vigelegele. Bibi alitoa kiko mdomoni ili apige vizuri.

Mama alimchukua Serafina, akamweka kwapani, vilevile alivyovuka naye kuja. Kuku alinyoosha shingo kuelekea kwangu.

"Mdogo wangu. Niambie ukweli. Nilikuwa mtamu?"

"Sana, dada. Mama alikupika na nyanya chungu. Tulilamba mpaka sufuria."

Alifumba macho, ameridhika. "Basi yameisha."

Mama alinishika shavu. Alisema kitu, kifupi, na safari hii kuku hakufungua mdomo.

"Mbona hutafsiri?" nilimuuliza.

"Hili halihitaji mkalimani," alisema Serafina.

Na kweli, nilikuwa nimesikia. Mama alikuwa amesema, "Espe, kula kingali cha moto."

Wakapita. Kivuli cha Jiwe kiligusa maji, lango likafungwa taratibu, bila kelele, kama mlango wa mtu anayejua ndani kuna mtoto aliyelala. Mkataba alijikunja mara nne, akaniomba nimweke kwenye droo. Nikamweka.

"Siku ya kwanza kazini," lilisema Jiwe, "si mbaya. Umeniegemea lakini."

Nilikuwa nimeliegemea kweli, upande ule usio wa nchi yangu. Lilisema siku hiyo halitaandika ripoti.

Niliamka saa kumi na mbili na nusu, jua limeshaingia. Shavu la kushoto, lile alilolishika, lilikuwa linaniwasha. Nilipolipangusa, kitu kilinibaki kwenye ncha ya kidole. Kiduara cha karatasi, kidogo kuliko punje ya mtama, cha manjano.

Nilikaa kitandani nikikiangalia. Kisha niliinuka, nikafungua kabati, nikabandua kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Kilikuwa kimekaza kwa kutu, sikuwa nimekifungua tangu mazishi, na kilinivunja ukucha. Nikatoa kadi. Majina yote matatu yalikuwepo kwa kalamu ya yule karani wa zamani, hakuna mstari uliopigwa. Lakini chini kabisa, kwenye kisanduku cha KUONDOKA, palikuwa na tundu jipya, kingo zake nyeupe.

Nikaweka kiduara juu yake. Kiliingia, kikakaa sawa.

Sasa ni saa mbili. Uji nilishapika, na nimeunywa ungali wa moto huku nikiandika. Mbwa wa Mzee Ntibagirwa amesimama mlangoni tangu saa moja. Ameangalia sufuria, ameniangalia mimi, na sasa hivi, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, amebweka.